Sura ya Tisa: Mashine Iliyoacha Kusoma Damu

Shaame Silima alikataa chai, akakataa mkate, kisha akakataa tena kusema alikoipeleka kompyuta.

"Kesho asubuhi unapandishwa mahakamani," Inspekta Mize Ngwali alimwambia. "Ukisimama pale umefunga mdomo, hakimu atasikia upande mmoja tu."

"Najua."

"Upande wenyewe unasema hivi. Wewe ni fundi wa kompyuta wa zahanati ya wakfu ya Mgogoni. Uliiondoa kompyuta ya zamani iliyokuwa ikiendesha mashine ya kupimia damu. Uliiondoa kwa sababu Nyange muuza kompyuta alikulipa, ili kompyuta mpya aliyoiuza mpinzani wake Masika ishindwe na Masika aaibike. Baada ya Idi, Mwatum akaja na mimba yake, mashine haikusoma damu, na Mwatum akafa. Wapi pana uongo hapo?"

Shaame alikuwa mtu mrefu, na chumba cha mahojiano cha kituo cha Mkoani kilikuwa na kiti kifupi, kwa hiyo magoti yake yalikuwa karibu na kidevu. Alilitafakari swali kama fundi anayetafuta waya uliokatika.

"Kulipwa," alisema. "Hapo pana uongo. Yaliyobaki ni kweli."

"Daktari wa zahanati amekubali kwamba yeye ndiye aliyekwambia uitoe. Sawa. Kuitoa si wizi. Lakini ilikwenda wapi?"

"Ilikwenda kwenye kheri, Inspekta."

"Kwa nani?"

"Niliweka ahadi nisiseme. Mie nifungeni tu."

Mize alishawasikia wengi wakisema nifungeni. Husemwa kwa ujeuri, au kwa kujua kwamba ushahidi haupo. Huyu alisema kwa kuchoka, na hilo lilimuudhi Mize kuliko ujeuri. Mtu anayetaka kufungwa hahojiki. Akabadilisha njia, akamuuliza la ufundi, maana la ufundi Shaame hakuwahi kulikataa.

"Nieleze tena lile la prosesa. Polepole, nije nimweleze hakimu."

Shaame akaeleza. Kila kompyuta ina ubongo wake, nao ni prosesa. Kwa miaka mingi kisiwa kizima kilikuwa na prosesa za kampuni moja, Ordan. Kisha ikaja kampuni ya Selvi na prosesa za mtindo mwingine kabisa. Hazipati joto, hazina feni, zinakula umeme kidogo mno, hata paneli ya jua inazitosha. Kwa zahanati ya shamba, ambako umeme hukatika bila hodi, nani angekataa? Tatizo ni kwamba amri inazozielewa Ordan, Selvi haizielewi. Programu ya mashine ya damu iliandikwa kwa ajili ya Ordan. Selvi wakatia mtafsiri ndani ya kompyuta zao, ili programu za zamani zifanye kazi.

"Na mtafsiri huyo anafanya kazi?"

"Anafanya. Programu ilifunguka na rangi zake zote. Ila chini ya programu kuna kipande kidogo kinachozungumza na mashine kwenye waya, na huko mtafsiri hafiki. Kwa hiyo programu inangoja mashine, na mashine inangoja programu. Wala haikuandika kosa lolote. Inangoja tu."

"Kwa nini hamkuliona hilo siku Masika alipoileta?"

Shaame aliinamisha kichwa. "Ilikuwa Ramadhani."

"Inahusu nini?"

"Kujaribu kweli kwataka damu ya mtu. Masika alikuja mchana. Daktari kafunga, mie nimefunga, wauguzi wamefunga. Mmoja kasema kutolewa damu kwabatilisha saumu, mwengine kasema kwapunguza thawabu tu, lakini hapana alotaka kupunguziwa. Masika akafungua majibu ya wagonjwa wa zamani, tukayaona yanasomeka vizuri kwenye skrini, tukasema alhamdulillahi. Daktari akanambia ile kuukuu niitoe, anataka nafasi."

"Na baada ya futari?"

"Baada ya futari watu walikwenda tarawehe. Kesho yake kila mtu alijua kwamba mashine imejaribiwa."

Mize alishapeleleza mapanga, moto wa makusudi na karafuu zilizoibwa zikiwa bado mtini. Kote huko kulikuwa na mkono uliokusudia. Hapa alikuwa na maiti wa mwanamke kijana, na kila mkono alioukamata ulikuwa wa mtu aliyefunga saumu.

"Programu hiyo haiwezi kuandikwa upya kwa ajili ya Selvi?"

"Waloiandika walishafunga kampuni zamani. Na kile kipande cha waya kilikuwamo mle mle kwenye kompyuta ile tu, hakina nakala, basi."

Nje, kwenye benchi la mapokezi, Bi Time Matano alikuwa amekaa na kijukuu chake kwenye kanga. Alikuwa mama yake Mwatum. Tangu mazishi alikuja kutoka Mgogoni karibu kila siku, na kila siku alisema jambo moja. Mwatum alikuwa na upungufu wa chembe za kugandisha damu, kitu kisichoonekana kwa jicho. Mashine ingekionesha siku ile ile, naye angepelekwa hospitali kabla ya uchungu. Damu yake ilipelekwa kupimwa mjini badala yake, na majibu yakarudi siku ya hitima.

"Nataka jina," Bi Time alisema. "Hao wenye maduka wanagombania kompyuta zao, mwanangu kaenda baina yao. Alomtuma yule fundi aiondoe mashine ile kwa roho yake mbaya, nataka jina lake, na nataka afungwe aozee huko."

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Umemjua?"

"Bado. Nenda ukapumzike na mtoto. Leo nitakuletea jina."

Alijuta kusema vile kabla hajafika kwenye gari.

*

Nyange na Masika walifungua maduka yao yakitazamana, kwenye barabara inayopanda kutoka bandarini. Kwa Nyange kulikuwa na bango la Ordan, jekundu, limepauka. Kwa Masika kulikuwa na bango la Selvi, la buluu, na taa zake zikiwaka mchana. Mwaka ule ungetoka mkataba wa kompyuta za skuli nyingi za kisiwa, na tangu habari hiyo isikike, mteja aliyetoka duka moja hakuitikiwa salamu kwenye la pili. Wakubwa wa Ordan na Selvi waligombana huko kwao kwenye miji ambayo Mize hataifika, na vita vyao vilikuwa vimefika Mkoani vikiwa vizima.

Nyange alikuwa mnene, mwenye maneno. Alimwongoza Mize hadi uani, kwenye bohari iliyojaa kompyuta kuukuu za Ordan. Mize aliwaamuru askari wawili wazigeuze zote. Zahanati ya wakfu ilikuwa na desturi ya kupiga rangi ya kijani ubavuni mwa kila kitu chake, kuanzia ndoo hadi mlango. Askari waligeuza mpaka wakatapakaa vumbi. Kijani hakikuonekana.

"Unazikusanyia nini zote hizi?"

"Akiba. Programu za zamani zikigoma kwenye Selvi, watarudi kwangu wakilia."

"Kwa hiyo kifo cha Mwatum kimekufaa."

"Mwatum nilimjua," Nyange alisema. "Hebu fikiri, Inspekta. Ningekuwa nayo ile kompyuta, ningeificha ya nini? Wallahi ningeibeba kichwani mchana kweupe, niipeleke zahanati, niichomeke mbele za watu isome damu. Masika angefunga duka jioni ile. Kuificha kunanipa nini?"

Mize alivuka barabara. Masika alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu asiyelala.

"Ulijua kwamba mtafsiri wenu hafiki kwenye waya?"

"Walituambia kwenye mafunzo kwamba programu tisini na tisa katika mia zinafanya kazi."

"Na ile moja?"

"Hatukuambiwa ni ipi." Alifuta meza iliyokuwa safi. "Nimewaandikia makao makuu. Wamejibu kwamba mashine ya zahanati haimo katika vifaa wanavyovitambua. Ndiyo jibu zima."

"Huenda ulimlipa Shaame aiondoe ya zamani, ili zahanati isiweze kurudi nyuma."

"Ningekuwa na akili ya kuificha, Inspekta, ningekuwa na akili ya kuirudisha siku ile Mwatum alipofika. Ningeifunga kimya kimya, ikasoma, hakuna ambaye angejua kwamba yangu imeshindwa. Nimewauliza mafundi wa kisiwa kizima iliko."

Mize alisimama katikati ya barabara, bango jekundu huku, la buluu kule. Wote wawili walikuwa na sababu ya kutaka ile kompyuta ionekane. Hakuna hata mmoja aliyefaidika nayo ikiwa imefichwa. Mwizi huficha kitu ili akitumie au akiuze, na hii haikuwa imetumika wala kuuzwa. Ilikwenda kwenye kheri, Shaame alisema. Mize alilipita neno hilo mara zote akidhani ni njia ya kujibaraguza tu. Sasa alilirudia. Kisiwani kwao kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mtu hukificha kwa juhudi zote na hakimpi faida yoyote ya dunia.

Alirudi kwa Nyange.

"Shaame alinunua nini kwako mara ya mwisho?"

"Kibodi. Yenye herufi za Kiarabu. Nikamtania, nikamwambia zahanati siku hizi mnapima majini? Akacheka tu. Akaniuliza kama hewa ya chumvi ya Msuka inakula kompyuta haraka."

"Na siku zote hizi hukuniambia."

"Uliniuliza kompyuta, Inspekta. Kibodi hukuniuliza."

*

Msuka iko mwisho wa kisiwa upande wa kaskazini, na gari ya polisi haikuwa na haraka ya kufika. Chuo cha Kurani kilikuwa nyumba ya matofali yenye paa la bati. Sauti za watoto zilisikika tangu njiani. Mbele yao ilitangulia sauti ya msomaji mmoja, safi, isiyokohoa wala kupumua vibaya, nao wakaifuata aya kwa aya. Sauti ile ilitoka kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa kwa mkono.

Maalim Abrahman aliinuka kumpokea. Baada ya salamu na kuulizana hali, Mize aliomba ruhusa, akakiinua kitambaa. Ubavuni palikuwa na rangi ya kijani.

"Imekuja lini hapa, Maalim?"

"Ramadhani, kumi la mwisho. Kaja nayo kijana fundi wa huko Mgogoni."

"Kaitoa yeye?"

"Yeye kaibeba tu. Mwenye kutoa hataki kujulikana. Sadaka ya siri hino, mwanangu. Imeletwa mbali makusudi, kwa watu wasomjua. Mie sikuuliza, nawe usinitie dhambini."

"Na vilivyokuwamo ndani, vya zahanati?"

"Hamna kitu. Fundi kakaa pale penye mkeka, kafuta vyote, katia Msahafu na wasomaji. Kasema sadaka haitolewi na taka zake."

Mize aliweka mkono juu ya kompyuta. Ilikuwa ya moto, na feni yake ilivuma. Njiani alikuwa amejiambia kwamba walau ataiona, ataichukua, ataifunga kwenye ule waya pale Mgogoni, na mwanamke atakayekuja kesho atapimwa. Sasa hata hilo halikuwapo. Kwenye kisiwa chote, na pengine duniani, hakukuwa tena na kitu kinachoweza kuzungumza na mashine ile.

Hata hivyo alikuwa na kazi, na kazi ilitaka swali moja zaidi.

"Mwenye kutoa hakutaka kitu? Hata dua?"

"Dua katuomba. Fundi kasema ni mama atoa kwa ajili ya mwanawe. Kila Alkhamisi watoto wasome Yasini, kisha tumwombee Mwatum binti Time ashushe mzigo wake salama. Twaomba kwa jina la mama, ndo desturi yetu kuno. Na leo ni Alkhamisi, tushasoma asubuhi." Maalim alitabasamu. "Nawe watoka huko. Hebu tupe khabari. Kashajifungua?"

Watoto walikuwa wameacha kusoma, wanamtazama Mize. Msomaji wa kwenye kompyuta aliendelea peke yake, hana hili wala lile.

"Kashajifungua, Maalim," Mize alisema. "Mtoto wa kiume."

Maalim aliwageukia watoto, akawaambia. Wakasema alhamdulillahi kwa pamoja, na wale wadogo wakairudia kwa sababu waliipenda. Mize aliaga na kutoka kabla hajaulizwa hali ya mama.

Garini, askari dereva alimuuliza kama waichukue kompyuta iwe kielelezo.

"Iache," alisema. "Twende Mgogoni."

Shaame sasa alieleweka mwanzo hadi mwisho. Aliombwa kompyuta kuukuu na mama wa mjamzito, iwe sadaka, na asimwambie mtu. Siku zile zile daktari akamwambia aitoe ya zamani. Akaona mambo yamejipanga yenyewe kwa baraka za mwezi. Kisha mjamzito akafa kwa kukosekana kompyuta hiyo hiyo, na fundi akabaki na siri ambayo akiitoa atajiokoa, na atamwambia mama kwamba ameiondoa dawa ya mwanawe kwa mkono wake. Alichagua jela. Mize angeweza kuivunja ahadi ile na kumwambia Bi Time. Angeweza pia kuandika kwamba mtoaji hajulikani, na kesho Shaame angefungwa bure, na Bi Time angelala akijua kwamba haki imetendeka.

Gari ilikwenda, naye hakupata njia ya tatu.

*

Bi Time alikuwa kibarazani akimpa mtoto maziwa ya kopo kwa chupa. Hakungoja salamu.

"Umemjua?"

Mize alivua viatu, akakaa kwenye mkeka upande wa pili. "Bi Time, Ramadhani ulimwomba Shaame kitu?"

Mkono uliokuwa ukimpapasa mtoto mgongoni ulisimama.

"Sadaka haitajwi, mwanangu."

"Leo itajwe."

"Nilimwambia anitafutie kompyuta kuukuu, yoyote, aipeleke chuoni, mbali, wasikonijua. Ya Mwatum, ashuke salama. Mimba hino ilikuwa yanitia hofu tangu mwanzo. Sikuiona kwa jicho langu. Kakataa hata nauli." Alimtazama Mize. "Sasa hayo yahusiana nini na..."

Mize hakumsaidia. Katika kazi yake alikuwa amejifunza kuwaacha watu wafike wenyewe, na siku ile aliichukia kazi yake. Mtoto alinyonya. Jirani alikuwa akitwanga kitu, kinu kikasikika, kikaacha, kikaendelea.

"Ilikuwa na rangi?" Bi Time aliuliza.

"Ubavuni."

"Ya kijani."

"Ndiyo, Bi Time."

Hakulia. Alimweka mtoto vizuri zaidi kwenye mkono, akaishikilia chupa kwa mwinamo ule ule asije akameza hewa, akangoja amalize. Hilo lilichukua muda, na Mize hakujua atazame wapi.

"Shaame ndo kakwambia?"

"Hajasema mpaka sasa. Kesho angefungwa hajasema."

"Mjinga yule," Bi Time alisema. "Mjinga. Mie nimemlaani mbele za watu."

"Hukujua. Wala yeye hakujua. Hakuna sheria inayo..."

"Nimekuja kwako siku zote hizi nataka jina. Haya, jina umelipata. Kalamu unayo, andika."

Mize akaandika maelezo, kama utaratibu unavyotaka: kwamba Time Matano, mkaazi wa Mgogoni, ndiye aliyemwomba Shaame Silima kompyuta kuukuu kwa ajili ya sadaka, kwamba Shaame hakupokea malipo kwake wala kwa mfanyabiashara yeyote, kwamba wote wawili hawakujua. Alimsomea. Bi Time akasikiliza hadi mwisho, akasema amsomee tena pale penye jina lake. Mize akasoma. Bi Time akatia dole gumba kwenye wino, akalibandika chini ya karatasi na kulikandamiza kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Kesho anatoka?"

"Asubuhi. Shitaka halina miguu tena."

"Na ile kompyuta ikirudishwa, yafaa?"

"Haifai tena. Alifuta vyote, akatia Msahafu."

Bi Time aliitikia kwa kichwa. Alimpandisha mtoto begani, akampiga mgongoni taratibu mpaka akacheua, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Leo Alkhamisi," alisema. "Wale watoto wa huko, wamesoma?"

"Wamesoma."

"Wamemwombea ashuke salama."

"Ndiyo."

"Basi kesho ukimtoa Shaame, mtie garini, mpeleke Msuka. Awambie wabadilishe dua. Wamsomee ya maiti."